Mpiko wa Tisa

Kwa miezi mitano mume wangu alikuwa mtu mwenye bidii kuliko wote katika ile maabara, na kwa miezi hiyohiyo mitano dawa yake ilikuwa mbovu kuliko ya wote. Kila jioni aliniletea habari hizo mbili kwa pamoja, moja kwa fahari na nyingine kwa huzuni, na haikumpitia akilini kwamba zinajuana. Haikunipitia na mimi. Nasema mapema ili mtu asije akanisifu baadaye.

Jina lake ni Révérien. Kule Bujumbura alikuwa mfamasia, kijana wa koti jeupe aliyetengeneza dawa za maji za kikohozi katika kiwanda kidogo, na nilimpendea kwamba hakuongea hata neno akiwa anapima kitu. Tulipofika Uswidi, koti likabaki nyuma. Kwa miaka kumi na mmoja alisafisha ngazi za magorofa, akakunja mashuka ya hospitali, akaendesha basi, na katikati ya hayo yote akasoma: kwanza Kiswidi, halafu ufamasia wake uleule, upya, kwa Kiswidi. Siku alipoitwa kusaini kazi katika kampuni ndogo ya dawa upande wa Hallonbergen, alivaa suti aliyofungia ndoa. Bosi wake mpya, Mikael, alimpokea akiwa amevaa viatu vya kupandia milima.

Kazi yenyewe ilikuwa ya majaribio, miezi sita. Waswidi huiita provanställning. Miezi ikiisha bila mtu kusema neno, unakuwa mfanyakazi wa kudumu. Ikiisha na mtu amesema, unarudisha kadi ya mlango na kwenda zako. Mwisho wake ulikuwa Ijumaa ya mwisho ya Februari. Niliandika tarehe hiyo kwenye kalenda ya jikoni kwetu Hagsätra, Révérien akaifuta, nikaiandika tena kwa kalamu isiyofutika. Alikuwa na miaka arobaini na sita. Nilijua kwamba akirudi kwenye basi mara hii, hatashuka tena.

Ngoja niieleze hiyo dawa, maana nimeelezwa mara nyingi hadi nadhani naweza kuitengeneza. Kuna dawa ambazo hazitaki maji. Ukizitia kwenye maji zinakaa chini kama mchanga, na mwili wa binadamu ni maji kuliko kitu kingine chochote. Halafu ni za kumeza kila siku, na wanaotakiwa kuzimeza ni wazee. Hapo mimi ni shahidi. Nafanya kazi katika makao ya wazee huko Farsta, na ninaye mzee mmoja ambaye kila asubuhi hupokea kidonge, hunywa maji, hunishukuru, na nikigeuka tu hukizika kwenye chungu cha maua. Ua lile limetulia. Mzee bado.

Kampuni ya kina Révérien ilikuwa inatafuta njia ya kuificha dawa ya namna hiyo ndani ya vitufe vidogo kuliko chembe ya chumvi. Vitufe hivyo ni vya plastiki fulani inayooza yenyewe mwilini. Mgonjwa anachomwa sindano moja, vitufe vinakaa chini ya ngozi, na dawa inatoka kidogo kidogo kwa siku ishirini na nane. Sindano moja, mwezi mzima, na ua halipati kitu.

Kuvitengeneza ni kama mapishi. Dawa na plastiki vinayeyushwa pamoja katika kimiminiko chenye harufu ya kile cha kufutia rangi ya kucha. Mchanganyiko huo unamiminwa kwenye maji yaliyotiwa kitu cha kuteleza kidogo, pangaboi dogo linazunguka ndani yake, na mchanganyiko unavunjika kuwa matone, kama mafuta kwenye mchuzi. Kile kimiminiko kinaanza kuyahama matone, nayo yanaanza kukauka. Mwishowe vyote vinamwagwa kwenye beseni kubwa la maji baridi, vinachujwa, vinaoshwa, vinakaushwa. Wao kila duru ya kazi hiyo huiita bechi. Mimi, kwa kuwa niliona wanapika tu, niliita mpiko, na Révérien akaacha kunisahihisha.

Mtihani wake ni huu. Vitufe kidogo vinawekwa kwenye chupa ya maji yenye joto la mwili, chupa inatikiswa polepole, na kesho yake wanapima ni kiasi gani cha dawa kimetoka. Siku ya kwanza inaruhusiwa itoke sehemu kumi kwa mia, isizidi. Wenzake walipata saba, nane, tisa. Mpiko wa kwanza wa Révérien ulitoa arobaini na mbili. Wa pili thelathini na nane. Wa tatu arobaini na tano.

"Karibu nusu ya mwezi imetoka siku moja, Mama Raïssa," aliniambia bado akiwa na koti la baridi mwilini. "Mgonjwa ukimpa hii, leo inamzidi, wiki ya tatu hana kitu."

"Labda ulikosea kupima?"

"Miye? Kupima?"

Sikurudia swali hilo. Chakula kilikuwa mezani na nilitaka kiliwe kwa amani.

Akabadilisha mizani. Akabadilisha vyombo. Akaosha vile vilivyokwisha kuoshwa. Akaisoma karatasi ya maelekezo mstari kwa mstari, kwa sauti, jikoni kwetu, mpaka Raïssa, binti yetu wa miaka kumi na sita, akavaa vizibo vya muziki masikioni.

"Inasema nini hapo mwishoni?" nilimuuliza.

"Inasema koroga mpaka matone yashike umbo, halafu mwaga kwenye maji baridi. Mi naangalia kwa hadubini. Dakika ya tano umbo limeshika, duara kabisa. Namwaga."

"Na wenzako?"

"Wenzangu karatasi ni hiyohiyo, Mama Raïssa. Mikono ndiyo tofauti. Mikono yangu imezoea usukani."

Alisema hivyo na kuitazama mikono yake. Niliumia, nikampakulia wali zaidi, maana sikuwa na dawa nyingine.

Kitu kimoja tu kilimfariji: hakuna aliyefanya kazi kama yeye. Waswidi wana desturi yao ya fika. Ni kahawa na mkate mtamu, lakini ukidhani ni kahawa na mkate mtamu utapotea. Ni saa tatu na nusu asubuhi bila kupita dakika, watu wote wanaweka vitu chini, hata bosi, wanakwenda kukaa meza moja na kuzungumza mambo yasiyo na kichwa wala miguu kwa dakika ishirini na tano. Halafu wanarudi. Révérien hakwenda. Mlango ulipofungwa nyuma yao alibaki peke yake na pangaboi lake, akikoroga, akiangalia, akimwaga, akiosha. Waliporudi walikuta amewatangulia hatua tatu.

"Mi sikukuja Uswidi kunywa kahawa," alikuwa akisema. "Mgeni anaangaliwa mikono. Ikisimama mara moja, basi, wameona."

Nami nilikubaliana naye, tena kwa moyo wote. Mimi mwenyewe kule Farsta, wenzangu wakienda kukaa, huitumia nafasi hiyo kubadilisha mashuka ya chumba cha nne. Tulijiona tumefanana, tukafurahi.

Novemba ikafika zamu yake. Kwenye friji ya kazini kwao kuna orodha, na kila Ijumaa mmoja wao analeta vitafunio vya fika. Révérien, mtu wa kutii orodha, alinunua pakiti ya biskuti kituoni, akaiweka katikati ya meza, akawatakia watu asubuhi njema, akarudi kwenye maabara. Alitusimulia jioni kama mtu aliyetimiza wajibu na kuokoa muda vilevile.

Raïssa alivua vizibo masikioni. "Men pappa! Man kan inte bara gå!" Kwamba mtu hawezi kujiondokea tu hivyo. Raïssa hutujibu kwa Kiswidi siku zote, Kiswahili amekiweka kwa ajili ya hasira ya kweli, na hapo akakitoa: "Umewawekea chakula kama paka!"

Baba yake alimwambia asome hesabu zake.

Januari Mikael akamwita ofisini. Mpiko wa nane ulikuwa umetoa arobaini na nne, na Révérien alikwenda na grafu nne zilizopakwa rangi, moja kwa kila sababu aliyokuwa akiishuku. Aliporudi alikaa juu ya kabati la viatu mlangoni, hakuvua hata kofia.

"Ameniuliza kama najisikia vizuri kwao."

"Ukasemaje?"

"Nikamwonyesha grafu. Akaziangalia, akasema zinavutia. Halafu akaniuliza kama nimewahi kuonja mkate wa mdalasini wa Alma."

Alma ni fundi mkongwe wa maabara, mama wa miaka sitini na mitatu aliyekuwapo kabla ya kampuni kuwa na jina.

"Mkate?"

"Mkate, Mama Raïssa. Mi namwonyesha grafu, yeye ananiuliza mkate. Ameshanikatia tamaa. Anatafuta maneno laini ya kuniondoa."

Tangu siku hiyo akaanza kuondoka nyumbani nusu saa mapema, na Hagsätra treni inaanzia hapohapo, kwa hiyo alikaa kwenye behewa tupu akiwa tayari amechelewa kichwani mwake. Alikonda. Nilianza kumwogopea, na nikiogopa huwa mkali.

Ndiyo maana zamu yake ya pili ilipofika, Ijumaa ya kwanza ya Februari, niliichukua mimi. Sikuwa na mpango wowote wa kisayansi. Nilikuwa nawaza hivi tu: kama wanamfukuza, angalau wasimfukuze kwa biskuti za kituoni. Alhamisi jioni nikakanda unga, nikatia iliki ya kutosha, nikachoma maandazi hamsini, nikayapanga kwenye kopo la plastiki na kitambaa juu.

"Kesho utakaa," nikamwambia.

"Kesho nina mpiko wa tisa."

"Una pangaboi. Litazunguka lenyewe."

"Mama Raïssa, zimebaki wiki tatu..."

"Sikiliza, Baba Raïssa. Nitauliza kila mtu pale mezani alisema nini. Kila mtu, na jina lake. Ukirudi na kopo tupu na hujui, lala kituoni na biskuti zako."

Aliniangalia kama hanijui. Kisha akacheka kidogo, kwa mara ya kwanza tangu Krismasi, na nikajua atakaa.

Akakaa. Aliniapia kwamba zilikuwa dakika ndefu kuliko za mtihani wa udereva. Mpiko wa tisa alikuwa ameumimina kwenye maji saa tatu na dakika ishirini na tisa, matone yakaanza kuzunguka, na yeye akaondoka akiyaacha kama mtu aliyeacha mtoto dukani. Kila wakati alitaka kuinuka, na kila wakati kulikuwa na mtu anauliza andazi lina nini. Alma alilivunja, akalinusa, akasema "kardemumma!" kwa furaha, maana iliki wao huitia kwenye mikate yao yote na kila mmoja anadhani ni ya kwao. Kijana aitwaye Noah alisema mbwa wake amefanyiwa upasuaji wa goti. Mikael alisema amenunua nyumba ya mapumziko visiwani na paa linavuja kitandani hasa. Halafu Alma akamuuliza Révérien alikuwa akifanya nini huko kwao, naye akajikuta anasimulia dawa ya kikohozi, jinsi sukari ilivyokuwa inaadimika Bujumbura, na jinsi bosi wake wa zamani alivyoifungia sukari kwenye sefu na kuacha dawa nje. Wakacheka hadi Noah akamwaga kahawa.

"Walicheka?" nilimuuliza.

"Kabisa. Nilisahau dakika mbili, tatu hivi. Halafu nikakumbuka mpiko nikataka kufa."

Alirudi kwenye maabara saa nne kasoro dakika nne, akakuta vitufe bado vinazunguka majini, akavimwaga kwenye beseni huku akiomba Mungu. Vikakauka mwisho wa wiki. Jumatatu akavitia kwenye chupa. Jumanne mchana simu yangu ikalia nikiwa namwosha mzee miguu, na Révérien kamwe hanipigii kazini.

"Nane," alisema.

"Nane nini?"

"Nane kwa mia."

Nilikaa kitandani kwa mzee. Mzee akanipa pole kwa msiba.

Msidhani mume wangu alifurahi. Mtu aliyeshindwa mara nane kwa bidii haamini kirahisi kwamba ameshinda mara moja kwa uzembe. Aliona ni bahati, au kosa la mashine. Jumatano akafanya mpiko wa kumi na kuusimamia mwenyewe mwanzo mpaka mwisho, fika akaiacha kwa heshima, akamweleza Alma kwamba ana kazi. Arobaini na moja.

Jioni ya majibu hayo alinijia jikoni na sura ya daktari wa polisi. "Yale maandazi. Uliyachoma kwa mafuta gani?"

"Ya alizeti. Kwa nini?"

"Yalibaki kwenye vidole vyangu, labda. Labda mafuta yaliingia kwenye mpiko, yakaziba matundu."

Siku mbili nzima mwanasayansi wangu aliamini kwamba andazi ndilo dawa. Alikuwa tayari kupima vidole vyake. Ilibidi Alma amwokoe, tena bila kukusudia. Révérien alimwomba daftari lake la kazi, alinganishe mpiko wake na wa Alma saa kwa saa, aone mwenzake alikanyaga wapi. Wote huandika kila wanachofanya na dakika yake. Akaliweka daftari la Alma kando ya lake, na la Noah kando ya la Alma. Katika daftari la Alma: saa tatu na dakika ishirini na nane, mimina. Saa tatu na dakika hamsini na saba, mwaga kwenye maji baridi. Katika la Noah vivyo hivyo. Katikati hakukuwa na neno. Kurasa mia mbili, kila asubuhi, palikuwa na shimo la dakika ishirini na tano lisiloandikwa kitu, kwa sababu nani ataandika kwamba alikunywa kahawa? Katika daftari lake yeye shimo halikuwapo. Saa tatu na thelathini na nne: mwaga.

Hicho ndicho kilichokuwa kikiiharibu dawa. Ukivimwaga vitufe kwenye maji baridi mapema, kile kimiminiko kinakimbia nje kwa pupa na kuacha matundu, na dawa inatorokea humohumo. Ukiviacha vizunguke hivyo, kinatoka taratibu, na ngozi ya kitufe inajifunga yenyewe. Waswidi wale walikuwa wamegundua dakika sahihi bila kuitafuta, wakiwa wamekaa, midomo imejaa mkate. Na karatasi ilisema tu mpaka matone yashike umbo, kwa kuwa aliyeiandika alijua wakirudi kutoka kwenye kahawa yatakuwa yameshika.

"Mama Raïssa," aliniambia, "miezi mitano nimeharibu kazi kwa kufanya kazi."

Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akalazimika kushika meza, na nilipomtazama vizuri machozi hayakuwa ya kicheko tena. Nilimkumbatia kichwa. Nilikuwa na hasira, sijui na nani. Na ile karatasi, nadhani, na kila mtu aliyewahi kutuambia tukaze mwendo.

Wiki iliyofuata akapima kwa saa mkononi: dakika tano, kumi na tano, ishirini na tano, thelathini na tano. Arobaini na tatu, ishirini na moja, nane, nane. Akaandika ripoti ya kurasa kumi na nne, yenye picha za matundu. Neno kahawa halimo. Zile dakika aliziita muda wa kutulia. Raïssa, aliyemsahihishia Kiswidi chake, alimuuliza kwa nini asiandike fika tu kama ilivyo, naye akamjibu kwamba sayansi ina adabu zake.

Ijumaa ya mwisho ya Februari akavaa tena ile suti. Mimi nilibadilishana zamu nikabaki nyumbani, nikasafisha oveni iliyokuwa safi.

Alirudi saa kumi. Alivua viatu, akavipanga, akaja jikoni, akanisimulia akiwa amesimama.

Mikael alikuwa na ripoti mezani, na kando yake mkataba wa kudumu, haujasainiwa. Akasema ripoti amesoma mara mbili, ni kazi nzuri sana, itaokoa mwaka mzima. Révérien akainamisha kichwa, akangoja sifa zaidi. "Lakini nikuambie kweli," Mikael akasema, "tuliamua kukubakiza siku ile ya maandazi. Mipiko huharibika, ndiyo utafiti. Tulichokuwa tunajiuliza ni kama unataka kuwa pamoja na sisi."

"Kurasa kumi na nne, Mama Raïssa," Révérien aliniambia. "Zimeshindwa na unga wako."

Nilitaka kucheka, lakini nikaona ameumia kweli. Miaka kumi na mmoja ya vitabu alikuwa ameibeba mpaka kwenye ile meza, na pale mezani wakampokea kwa iliki.

"Basi umesaini?"

"Ngoja. Kulikuwa na mstari mmoja zaidi."

Ule muda wa kutulia, Mikael alimweleza, sasa umeandikwa, na kilichoandikwa lazima kilindwe. Mtu lazima asimame kando ya chombo dakika zote ishirini na tano, aangalie pangaboi, atie sahihi mwanzo na mwisho. Bila hivyo wakaguzi hawatakubali. Na nani mwangalifu kuliko mtu aliyeugundua? Kwa hiyo kwenye orodha ya majukumu ya Révérien, chini ya mkataba, ilikuwa imeandikwa tayari: kila mpiko, saa tatu na nusu hadi saa nne kasoro dakika tano, Révérien.

Niliacha kitambaa ndani ya sinki. Namjua mume wangu. Huyu ni mtu ambaye aliendesha basi mkesha wa harusi ya mdogo wake kwa sababu bosi aliomba vizuri. Hajawahi kukataa kazi tangu ndege yetu itue uwanja wa Arlanda.

"Ukakubali," nikasema.

"Nikasema hapana. Nikamwambia: saa hiyo niko kwenye fika."

"Ukamwambia Mikael? Mkataba haujasainiwa?"

"Haujasainiwa."

Mikael akanyamaza. Mswidi hunyamaza anapofikiri, na mtu wa Bujumbura hufa mara tatu ndani ya kimya hicho. Révérien alisema alisikia hata friji ya chumba cha pili. Kisha Mikael akachukua kalamu, akaukata ule mstari, akasaini, akamsogezea karatasi. "Basi," akasema, "itabidi tuwe na orodha."

Bila shaka. Orodha ya pili ikabandikwa kwenye friji kando ya ile ya kwanza, ya kupokezana kulinda chombo, na jina la kwanza juu kabisa Mikael aliandika lake.

Tulikula kuku usiku huo. Raïssa alimwita baba yake shujaa, kwa Kiswidi, lakini alimwita.

Na Jumatatu akarudi kama kawaida, saa kumi na moja na nusu. Mimi nilikuwa nimetangulia kidogo kutoka Farsta, nimesimama mbele ya jiko, kiatu kimoja nimevua na kingine bado, viazi vinachemka, nguo ziko kwenye mashine. Révérien alivuta kiti akakaa. Sikumuuliza kitu. Akaanza mwenyewe: Alma anataka kustaafu lakini anamwogopa mume wake akiwa nyumbani mchana kutwa. Mbwa wa Noah ameanza kupanda ngazi. Na Mikael walikuwa wanamwona kupitia kioo, amekunja mikono mbele ya chombo, anatazama pangaboi kama mtoto aliyewekwa kona, mpaka Alma akamwonea huruma akamwekea kipande cha mkate. Alisimulia yote taratibu, bila kuruka mtu. Kisha akausukuma kwa mguu kiti cha pili kuelekea kwangu.

"Kaa."

"Nina viazi."

"Viazi vinajipika. Na weye? Wenzako kule Farsta wanasemaga nini kwenye kahawa?"

Nilifungua mdomo kumjibu. Nina miaka tisa pale. Najua mzee gani anazika vidonge, na nani analia akisikia redio, na chumba cha nne mashuka yake nayakunja nimefumba macho. Wenzangu nawajua majina, kwa sababu yameandikwa kwenye vifua vya magwanda. Nilikaa. Révérien akaningojea, na viazi vikaendelea kuchemka, nami nikawa natafuta hata neno moja alilowahi kuniambia mmoja wao.